MASOMO YA UGANGA WA NYAMA YALETWE MANIKA



Wakati wa Wabelgiji kampuni zilifuga ng'ombe wengi huko juu Biano, ili mtu wa mgodi apate nyama. Daktari wa ng'ombe alikuwa Mzungu. Mtu mweusi alishika kamba. Uhuru tulipata tarehe 30 Juni 1960, na leo Kolwezi inakula kuku wa barafu na samaki wa Thomson kutoka ng'ambo. Huo ni uhuru wa namna gani?

Kufuga tunataka. Lakini kideri kikiingia uani, kuku wanakwisha kwa siku chache. Sotoka ya mbuzi nayo haiulizi mwenye mali. Dawa ya kukinga ipo. Kwa kideri ni tone moja katika jicho la kuku, kisha kurudia kila baada ya miezi michache. Kwa mbuzi, sindano moja yakinga miaka 3 au zaidi. Kazi hiyo haingoji mwenye digrii, yangoja mtu aliyefundishwa.

Naye anayetaka uganga huo aambiwa aende Lubumbashi, kwenye kitivo cha chuo kikuu, karibu kilomita 300, akae miaka. Nani atalisha watoto wake? Wakubwa husema mtu wa mgodi hana hamu ya kusoma. Hamu anayo; saa ndizo hana.

Tunadai masomo ya jioni hapa Manika: siku 3 kwa juma, chumba kimoja cha shule, mwalimu mmoja kutoka Lubumbashi, na wanawake waandikwe kwanza, maana kuku ni wao wanaowatunza. Komini iandikie jimbo kabla ya mvua.