Uhuru Chini ya Dari: Kikomo cha Mishahara na Usajili wa Kevin Durant

Tarehe 4 Julai mwaka 2016, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wa taifa lao, mchezaji wa mpira wa vikapu Kevin Durant alitangaza kwamba anaihama timu ya Oklahoma City Thunder na kujiunga na Golden State Warriors ya California. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, naye alikuwa huru kwenda apendako. Hata hivyo, tangazo hilo lilizua kishindo. Wiki chache tu kabla ya hapo, Thunder ilikuwa ikiongoza Warriors kwa michezo 3 kwa 1 katika fainali ya kanda ya magharibi ya ligi ya NBA, kisha ikashindwa 4 kwa 3. Durant, basi, alikuwa anajiunga na wale wale waliomshinda. Tena timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 kati ya 82 ya msimu wa kawaida, idadi ambayo haijafikiwa na timu nyingine yoyote. Wengi walimwita mwoga. Walidai kuwa ameua ushindani.

Lawama hizo zilimwangukia asiyestahili. Makala haya yanashikilia kwamba kosa halikuwa la mchezaji bali la kanuni. Hususan ile kanuni inayoweka kikomo juu ya mshahara wa mtu mmoja mmoja. Kanuni hiyo hutetewa kwa jina la usawa, ilhali huzaa kinyume cha usawa.

Msomaji aliyezoea kandanda atahitaji kwanza kuelewa tofauti iliyopo. Katika kandanda, klabu humuuza mchezaji ambaye mkataba wake haujaisha, na bei yake haina mwisho ila uwezo wa mnunuzi. Mwaka 2017 Paris Saint-Germain ililipa euro milioni 222 ili kumtoa Neymar Barcelona. Katika ligi ya NBA hakuna ada ya uhamisho ya namna hiyo. Timu hubadilishana wachezaji, au humsubiri mchezaji hadi mkataba wake umalizike. Mchezaji aliyefikia hatua hiyo huitwa kwa Kiingereza jina ambalo, likitafsiriwa neno kwa neno, litatupa "wakala huru". Tafsiri hiyo inapotosha. Wakala katika Kiswahili ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine, na mchezaji huyu hatendi kwa niaba ya yeyote ila nafsi yake. "Mchezaji huru" ndilo jina linalofaa. Swali ni hili: uhuru wake una kimo gani?

Uhuru wenyewe haukupatikana kwa urahisi. Kwa miaka mingi timu iliendelea kummiliki mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. Mwaka 1970 Oscar Robertson, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mahakamani, na kesi hiyo ikamalizika kwa maafikiano mwaka 1976. Milango ikaanza kufunguka. Haukupita muda mrefu kabla ya wamiliki kulalamika kuwa mishahara inawafilisi. Mwaka 1983 pande mbili zilikubaliana: wachezaji wangehakikishiwa asilimia 53 ya mapato, na kwa upande mwingine mishahara ya kila timu ingewekewa kikomo. Kikomo hicho kilipoanza kutumika msimu wa 1984-85 kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu nzima.

Dari hiyo, hata hivyo, ilijengwa ikiwa na tundu. Timu iliruhusiwa kuvuka kikomo ili kumhifadhi mchezaji wake yenyewe. Ruhusa hiyo hujulikana hadi leo kwa jina la Larry Bird, nyota wa Boston Celtics. Mfano mashuhuri zaidi wa matumizi yake ni wa Michael Jordan. Katika msimu wa 1997-98 Jordan alilipwa na Chicago Bulls zaidi ya dola milioni 33, ilhali kikomo cha timu nzima kilikuwa dola milioni 26.9. Mtu mmoja alipokea kuliko kiwango kilichowekewa kikosi kizima! Mwaka 1997 pia, Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, alitia saini mkataba wa miaka 6 na Minnesota Timberwolves kwa dola milioni 126. Wamiliki waliingiwa na hofu. Mwaka uliofuata waliwafungia wachezaji milango, na msimu ukapunguzwa hadi michezo 50. Maafikiano ya mwaka 1999 yaliyoumaliza mzozo huo ndiyo yaliyoleta kikomo cha pili, kikomo cha mshahara wa mtu binafsi. Tangu hapo, kwa kawaida, mchezaji huanza mkataba mpya kwa kiwango kisichozidi asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo cha timu, kutegemea miaka aliyoitumikia ligi.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Vikomo hivi viwili hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kazi zao ni tofauti kabisa. Kikomo cha timu humzuia tajiri kukusanya kila mchezaji mzuri. Kikomo cha mtu binafsi humzuia mchezaji bora kudai thamani yake. Cha kwanza humfunga mwajiri. Cha pili humfunga mwajiriwa.

Wahenga walisema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Usajili wa Durant uliwaweka fahali wawili katika zizi moja, na inafaa kuuliza zizi hilo lilipanuliwa na nani. Oktoba mwaka 2014 ligi ilitangaza mkataba mpya wa matangazo ya runinga na kampuni za ESPN na TNT, wa miaka 9 na wa thamani ya takriban dola bilioni 24, ambao ungeanza msimu wa 2016-17. Kwa kuwa kikomo hukadiriwa kutokana na mapato, ilikuwa dhahiri kuwa kingepanda kwa ghafla. Ligi ilipendekeza ongezeko hilo litandazwe hatua kwa hatua. Chama cha wachezaji kilikataa pendekezo hilo mwaka 2015. Matokeo yake, kikomo kiliruka kutoka dola milioni 70 hadi dola milioni 94.1 katika kiangazi kimoja. Ongezeko la dola milioni 24 lilikaribia kutosha mshahara wa nyota mmoja, na nyota aliyekuwa huru kiangazi hicho alikuwa Durant.

Kulikuwa na bahati nyingine. Stephen Curry, aliyekuwa ametunukiwa taji la mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, 2015 na 2016, alikuwa angali katika mkataba aliotia saini mwaka 2012 wakati kifundo chake cha mguu kilipokuwa kikimsumbua. Mkataba huo ulikuwa wa dola milioni 44 kwa miaka 4, kwa hiyo msimu wa 2016-17 angelipwa takriban dola milioni 12 tu. Warriors ilimtuma Andrew Bogut Dallas, ikamwachilia Harrison Barnes, na nafasi ikapatikana. Durant akapokea takriban dola milioni 26.5 kwa msimu wa kwanza, kiwango cha juu kabisa alichoruhusiwa.

Hebu msomaji azingatie kiwango hicho. Durant alikutana na timu 6: Thunder yenyewe, Warriors, Los Angeles Clippers, San Antonio Spurs, Boston Celtics na Miami Heat. Isipokuwa Thunder, ambayo ingeweza kumwongezea mwaka na nyongeza kubwa kidogo, hakuna timu iliyoweza kumshinda mwenzake kwa bei. Kizuri chajiuza, lakini hiki kilikuwa kimepigwa chapa ya bei na serikali ya ligi. Boston ingemthamini kwa dola milioni 40 kwa mwaka, isingeruhusiwa kumpa. Bei inapokuwa moja kila dukani, kinachobaki kupimwa ni ubora wa duka. Mchezaji mwenye akili timamu angeenda wapi ila mahali penye nafasi kubwa zaidi ya kushinda? Laiti soko lingeachwa liseme, Warriors ingelazimika kuchagua: ama imlipe Durant thamani yake kamili na kuwapoteza wengine kadhaa, ama imwachie timu dhaifu yenye nafasi tele. Kanuni iliyodai kuwalinda wanyonge iliwanyang'anya silaha ya pekee waliyokuwa nayo, yaani pesa zao ambazo hazikuwa zimetumika.

Yaliyofuata yanajulikana. Warriors ilitwaa ubingwa mwaka 2017 kwa kuishinda Cleveland Cavaliers 4 kwa 1, ikatwaa tena mwaka 2018 kwa 4 kwa 0. Isitoshe, kiangazi cha 2017 Durant alikubali dola milioni 25, mamilioni kadhaa pungufu ya kiwango ambacho kanuni zilimruhusu, ili timu iweze kuwahifadhi Andre Iguodala na Shaun Livingston. Kutoa ni moyo, bila shaka. Lakini aliyefaidika na moyo huo ni nani? Ni mmiliki, aliyepata nyota kwa bei ya chini na kuuza tiketi kwa bei ya juu.

Wapo watakaopinga kwa hoja tatu nzito. Kwanza, watasema kuwa kikomo cha mtu binafsi kikiondolewa, nyota wachache watakula mnofu wote na kuwaachia wenzao mifupa. Kwa kuwa wachezaji hupata sehemu maalumu ya mapato, inayokaribia nusu katika mikataba ya miaka ya karibuni, kila dola anayoongezewa nyota humtoka mchezaji mwingine. Hoja hii ina uzito, na mgala muue na haki yake mpe. Wachezaji wa kadiri ndio wengi katika chama chao, nao wana haki ya kujilinda. Hata hivyo, hiyo ni hoja ya mgawanyo wa mapato baina ya wachezaji. Si hoja ya usawa baina ya timu. Anayeitetea kanuni kwa sababu ya kwanza asiipambe kwa mavazi ya sababu ya pili.

Pili, watautaja mfano wa Jordan. Je, Bulls haikumlipa mamilioni yasiyo na kikomo na bado ikatwaa ubingwa mwaka 1998? Ni kweli. Lakini Bulls ilipitia tundu la darini bila kulipa gharama yoyote ya ziada kwa ligi. Maafikiano ya 1999 yaliasisi kodi ya anasa, ambayo timu inayovuka kiwango fulani hutozwa, na makubaliano ya mwaka 2023 yameongeza kizingiti cha juu zaidi ambacho timu ikikivuka hunyimwa hata baadhi ya njia za kusajili na kubadilishana wachezaji. Tundu hilo sasa lina mlinzi. Kasoro ya enzi ya Jordan ilikuwa katika mlango wa nyuma, si katika mshahara wake.

Tatu, watasema kuwa usawa umekwisha kupatikana: kati ya mwaka 2019 na 2025 ligi ilipata mabingwa 7 tofauti katika misimu 7, na kikomo cha mtu binafsi kikiwa palepale. Basi na tuulize ni kikomo kipi kilichofanya kazi hiyo. Boston Celtics ilitwaa ubingwa mwaka 2024. Kiangazi cha 2025 ililazimika kuwaachilia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis kwa sababu ya uzito wa mishahara na kodi. Aliyeivunja Celtics ni dari ya timu. Dari ya mtu binafsi haikuchangia chochote. Vilevile, makubaliano ya 2023 yaliamua kuwa kikomo cha timu kisipande kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba mpya wa matangazo wa takriban dola bilioni 76 kwa miaka 11 ulipoanza, kikomo cha msimu wa 2025-26 kilipanda kwa asilimia 10 barabara, hadi dola milioni 154.6. Mlango alioingilia Durant umefungwa, na umefungwa kwa kuirekebisha dari ya timu.

Yatokanayo na mjadala huu ni wazi. Ligi ibaki na kikomo cha timu, tena ikikaze. Wachezaji wa kadiri walindwe kwa kuinuliwa kima cha chini cha mshahara. Kikomo cha mtu binafsi kiondolewe, ili timu inayomtaka nyota imlipe thamani yake na ibebe gharama ya uamuzi huo mbele ya wapinzani wake.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Dari hizi mbili hutajwa kwa pumzi moja, na utata huo umewafaa wamiliki kwa zaidi ya robo karne, kwani anayetetea moja huonekana anazitetea zote. Kiswahili hakina sababu ya kuurithi utata huo. Tuseme "ukomo wa timu" na "ukomo wa mchezaji". Istilahi njema humwonyesha msikilizaji nani amefungwa na kamba iko mkononi mwa nani. Mtangazaji atakayesema kwamba Durant alisajiliwa chini ya ukomo wa mchezaji atakuwa ameeleza nusu ya kisa kwa maneno matatu, na huenda msikilizaji wake akasita kabla ya kumwita mtu mwoga.