Radi Katika Kioo

Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuzungumza nawe juu ya mambo ya jikoni, ya malezi na ya mshahara usiofika mwisho wa mwezi, na huenda ukashangaa kuona leo nakuletea habari za kompyuta. Nivumilie. Jambo lenyewe lilizuka nyumbani, likagusa fedha za kinamama 22 na jina jema la binti mmoja, na aliyelianzisha ni mimi mwenyewe.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya dada yangu, huko Milanzi katika Manispaa ya Sumbawanga. Jina la Milanzi si geni kwa wanaoijua historia ya Ufipa, kwa kuwa masimulizi ya wazee hupataja kuwa ndipo palipokuwa na kiti cha kwanza cha utawala wa Wafipa, kabla ya kuja kwa ukoo wa Watwa. Siku hizi ni mahali pa wakulima wa mahindi na maharage, na pa watumishi na wachuuzi waendao mjini kila asubuhi kutafuta riziki. Mwezi wa Juni baridi ya uwanda ule, ulioinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, humlazimisha mtu kukaa na koti mwilini hata saa nne ya asubuhi.

Kinamama wa mtaa ule wana kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hukutana kila Jumamosi, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Katibu wao ni dada yangu, lakini kwa kuwa macho yake yamechoka, hesabu huandikwa na binti yake, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mkono wake ni mzuri na akili yake ni nyepesi. Mwezi wa Aprili, mwaka 2025, nilimpelekea binti huyo kompyuta.

Yafaa nikueleze ni kompyuta ya namna gani, maana hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani muuzaji ananifanyia mzaha. Inaitwa Raspberry Pi 400, nayo ilitolewa Uingereza mwezi wa Novemba, mwaka 2020, kwa bei ya dola 70. Mtambo wote umo ndani ya kibodi yenyewe, yaani ule ubao wa vitufe vya kupigia herufi. Urefu wake haufiki sentimita 29, upana wake ni 12, na unene ni kama wa vidole viwili. Mtu huibeba kwapani kama daftari la mahudhurio. Haina kioo, huunganishwa na televisheni. Wala haina diski ndani. Kila kitu hukaa katika kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Niliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, na ilikuwa haina chaja yake. Nikamwambia binti: "Tumia chaja yoyote ya simu, tundu ni lile lile."

Sentensi hiyo, ndugu msomaji, ndiyo mzizi wa yote.

Mfumo unaoiendesha mashine hiyo ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, na ambao mtu hupewa bure, akaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia na kuurekebisha. Kwetu si jambo la jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden, walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na kupewa jina la Jambo OpenOffice. Naitaja kazi ile kwa heshima, kwani binti wa Milanzi alipokwama, kila kilichoandikwa katika kioo kilikuwa cha Kiingereza cha mafundi, isipokuwa alama moja tu.

Alama hiyo ilikuwa ya radi.

Najua msomaji wa pwani amekwisha kutabasamu. Sisi tuliozaliwa Ufipa tumezoea. Sumbawanga ikitajwa tu mizaha ya uchawi hufuata, na katika mizaha hiyo radi hutumwa kama barua. Hebu fikiri basi, kikundi kimekaa sebuleni, hesabu za fedha zinasomwa, na juu katika pembe ya kulia ya televisheni inatokea radi ndogo ya rangi ya manjano, inapotea, inatokea tena, kisha mashine inazimika na kuwaka yenyewe. Mama mmoja alifunga kanga vizuri akahama kiti. Wengine walicheka, ila walicheka kwa sauti ya chini.

Lakini radi haikuwa kisa chenyewe. Tarehe 7 Juni, siku ya Jumamosi, hesabu za Mei zilisomwa kutoka katika karatasi ambazo binti alikuwa amezichapisha mjini kwa kutumia flashi. Ikaonekana kwamba mikutano yote mitano ya mwezi ule, ya tarehe 3, 10, 17, 24 na 31, imeandikwa tarehe moja: 3 Mei. Mama mmoja aliyekopa shilingi 150,000 alionekana amekopa siku hiyo na kulipa mafungu matatu siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akauliza, bila kuinua sauti, ni nani akopaye asubuhi akalipa mara tatu kabla ya jioni. Maana ya swali lile kila mtu aliielewa: kitabu kizima kimebuniwa kwa kikao kimoja. Wakasema mashine iwashwe, watazame wenyewe. Ikakataa kuwaka.

Hakuna aliyetamka neno la wizi. Kwetu neno la namna hiyo halitamkwi upesi. Watu huanza tu kuchelewa kuitikia salamu. Dada yangu alinipigia simu usiku ule akasema: "Mdogo wangu, njoo uuchukue mtambo wako." Hakusema zaidi.

Nilifika Alhamisi jioni, nimechoka na basi. Binti alinipa shikamoo huku akiangalia pembeni. Mwandishi wako alisomea uandishi wa habari, hakusomea ufundi. Ila kazi yetu hutufundisha kuuliza swali moja mpaka lijibiwe kabla ya kuuliza la pili, na nimeona kwamba mashine nayo hutaka kuulizwa vivyo hivyo. Anayebadili mambo matatu kwa wakati mmoja, hata akifaulu hatajua ni lipi lililoponya.

Tukaanza na umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga iliishi kwa umeme ulioletwa kutoka Zambia pamoja na jenereta za dizeli, na watu wa makamo bado hulaumu umeme kwa mazoea. Lakini binti alisema taa haikuwahi kufifia mashine ilipozimika, wala televisheni haikutikisika. Kosa basi lilikuwa kati ya soketi na kibodi, na hapo palikuwa na kitu kimoja tu: chaja. Tuliigeuza tukasoma maandishi yake madogo kwa mwanga wa simu. Ilikuwa ya volti 5 na ampea 1. Mashine ile huhitaji volti 5.1 na ampea 3. Tundu ni lile lile, kama nilivyosema kwa kujiamini, lakini ni sawa na kuchota maji ya harusi kwa kijiko cha chai. Volti zikishuka chini ya 4.63 au karibu ya hapo, mashine huonya kwa kuonyesha ile radi. Katika mifumo ya miaka ya karibuni huandika onyo kwa maneno, ila ule wa 2020 uliokuwa katika kadi yetu hutumia picha, ili watu wa lugha zote waielewe. Aliyeibuni hakufika Ufipa.

Mwalimu jirani alituazima chaja ya simu yake iliyoandikwa volti 5, ampea 3. Taa ya kibodi ikawaka, maandishi meupe yakateremka katika kioo, kisha yakasimama katikati. Hapo tatizo la pili likajulikana. Mashine iliyozimika ghafula mara nyingi wakati inaandika ilikuwa imeharibu mpangilio wa kadi yake.

Sehemu hii naomba uisome taratibu, kwa kuwa ndipo watu wengi hupoteza mali yao. Kabla sijafika, binti alikuwa ameipeleka kadi kwa fundi wa simu mjini. Fundi akaitia katika kompyuta yake ya Windows, nayo ikasema haitambui kilichomo, ikauliza kama iifute na kuiandaa upya. Fundi alikuwa tayari kubonyeza. Binti akasema hapana, akaichomoa kadi, akarudi nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Alikuwa sahihi kabisa. Windows huwa haisomi kadi iliyopangwa kwa utaratibu wa Linux, na swali lake hilo si dalili kwamba kadi imekufa. Anayejibu ndiyo ndiye aiuaye.

Mimi husafiri na kompyuta yangu inayotumia Linux. Tuliitia kadi humo, nikaandika `lsblk` ili kuona imepewa jina gani, na kabla ya kugusa kitu nikafanya nakala ya kadi nzima kwa amri ya `dd`, kwa uangalifu, maana amri hiyo ukiipindua hukufutia ulichotaka kukihifadhi. Baada ya hapo tu ndipo nilipoandika `sudo fsck -y /dev/sdb2`. Sdb ndilo jina ambalo kadi ilipewa kwangu. Kwako laweza kuwa jingine. Namba 2 ni sehemu ya pili ya kadi, ambamo mfumo na mafaili hukaa. Ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Tukairudisha kadi, na mashine ikawaka mpaka mwisho.

Nikaandika `vcgencmd get_throttled`, ambayo ni namna ya kuiuliza mashine kama inashiba. Kwa chaja ya mwalimu ilijibu 0x0, yaani haina lalamiko. Tukaizima vizuri, tukarudisha ile chaja yangu kwa makusudi na kuiwasha tena: 0x50005, ambayo maana yake ni kwamba ina njaa sasa na ilikwisha kuwa na njaa kabla. Binti aliziandika namba zote mbili katika daftari lake.

Ndipo nikaandika neno dogo kuliko yote, `date`. Ilikuwa Alhamisi, 12 Juni. Mashine ikajibu kwamba leo ni Jumamosi, 3 Mei 2025, saa moja ya usiku.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliiweka chini.

Saa ya ukutani ina betri yake. Kompyuta nyingi za mezani nazo zina betri ndogo ya mviringo, kama kifungo cha shati, inayoiendesha saa hata mtambo ukizimwa. Kibodi hii haina, na ni namna mojawapo ya kupunguza bei. Ikiwa na intaneti huuliza saa kwa mitambo mingine. Ikiikosa huendelea pale ilipoandika mara ya mwisho kabla ya kuzimwa, kana kwamba siku saba zilizopita katikati hazikuwapo. Binti aliiunganisha na simu yake siku ya kwanza tu, tarehe 3 Mei, kisha bando likaisha. Tangu hapo kila Jumamosi iliongeza saa moja au mbili juu ya siku ile ile. Naye alipoandika tarehe alibonyeza vile vitufe vinavyoiagiza programu iijaze yenyewe, macho yake yakiwa kwenye fedha. Katika kioo mashine ile huonyesha saa tu bila tarehe, na saa kila mtu alikuwa akiitazama katika simu yake.

Jumamosi tuliyapeleka yote mbele ya kikundi. Sikutaka kusema sana, kwa kuwa mimi ni mjomba wa mtuhumiwa. Binti mwenyewe aliiwasha mashine, akawaonyesha inavyodhani leo ni tarehe ngapi. Kisha akaandika `grep -c "Booting Linux" /var/log/syslog`, ambayo huhesabu ni mara ngapi mashine imeanza kuwaka. Ilikuwa 14. Kitabu kilichobuniwa kwa kikao kimoja hakihitaji kuwashiwa mtambo mara 14. Hata hivyo kilichomaliza shauri hakikutoka katika kompyuta. Kila mama alitoa kitabu chake cha mkononi, chenye tarehe zilizoandikwa kwa kalamu siku ya malipo, wakasoma kimoja baada ya kingine kwa muda wa karibu saa mbili. Fedha zote zililingana. Mama mwenye mkopo wa 150,000 alisoma mafungu yake matatu kwa sauti, kisha akamwambia binti: "Mwanangu, mimi nilikuwa nimekuhamia kiti."

Nimelipa chaja mpya mwenyewe, nayo imeandikwa kwa wino mwekundu isichajiwe simu. Kuna kifaa kidogo cha saa chenye betri, kiitwacho DS3231, ambacho huchomekwa katika safu ya pini 40 zilizo nyuma ya kibodi, nimekiagiza. Wakati tunakisubiri, binti huandika tarehe kwa mkono, akianza na `sudo date -s` kisha mwaka, mwezi, siku na saa, na jioni huizima mashine kwa kushika vitufe vya Fn na F10 kabla ya kuchomoa waya. Nakala huenda katika flashi inayolala nyumbani kwa mwenyekiti.

Dada ananiambia kwamba kikao siku hizi hufunguliwa kwa utaratibu mpya. Kabla televisheni haijawashwa mwenyekiti huuliza, "Leo tarehe ngapi?" na kinamama wote 22 hujibu kwa pamoja.