Nyayo Zikiishia Kwetu, Tulipe

Wapendwa wangu wa Merigi, Bomet,

Huku Minnesota baridi imetupiga lakini haijatuua. Nanyi najua mvua imewapa majani chai ya kutosha na malalamiko ya kutosha kuhusu bei yake. Ningeendelea na salamu, ila nimekasirika, na mnanijua: nikikasirika sizunguki.

Mmenitumia ile video. Wajomba, shangazi, hata wale tulioimba pamoja kwaya, nyote mmeandika chini yake maneno yale yale: tazama mheshimiwa anavyopinga ukabila. Nimetazama. Amesimama chini ya hema la mazishi, kipaza sauti mkononi, anasema kwa Kiswahili kilichopigwa pasi kwamba Mkisii ni ndugu, Mjaluo ni ndugu, Mkikuyu ni ndugu, na kwamba mbinguni hakuna kabila. Watu wanapiga makofi. Video inakatika hapo.

Binamu yangu alinitumia ile ndefu. Makofi yakiisha, mheshimiwa anaingia Kipsigis, anateremsha sauti, na kutupa mzaha kuhusu wauza ndizi wa sokoni na jinsi watakavyofunga virago wakati ukifika. Hema zima linacheka. Yeye simshangai, mwanasiasa hula kwa mdomo. Kicheko chenu ndicho kilichoninyima usingizi, maana nilitambua sauti humo, na baadhi ni za watu walionilea. Nyuma kabisa anasikika mama mmoja akisema: acheni hayo, wale ni watoto wa watu. Hakuna aliyemjibu. Na katika nyinyi wote mliosambaza video, hakuna aliyeona maneno yake yanafaa kusambazwa.

Msidhani huku tumewashinda. George Floyd alipouawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, kila ua wa nyumba ulichipua kibao cha kusema kwamba maisha ya mtu mweusi yana thamani. Kwenye mtaa ninaopitia kwenda kazini, vibao vilikuwa vingi kuliko maua. Baadaye wenye vibao hivyo hivyo walijaa ukumbini kupinga nyumba za kupangisha zisijengwe karibu nao, eti magari yatasongamana. Nilikuwa nimeketi viti vya nyuma. Sisi tunaowageuza wazazi wao kitandani usiku ndio tungepanga nyumba zile.

Nanyi siku zile mlibadilisha picha zenu za simu zikawa mraba mweusi. Mwisho wa Machi mwaka ule ule, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, wakati wa kafyu. Kwa Yassin sikuona mraba kutoka kwenu. Minneapolis iko mbali, kuilia hakuna gharama.

Basi watu huuliza: huyu anayekemea ubaguzi, ana uchungu kweli au anatafuta sifa? Mimi nimechoka na swali hilo. Moyo wa mheshimiwa siwezi kuupasua nione kilichomo, wala wa jirani yangu mwenye kibao. Ninachoweza kuona ni mbele ya nani anasema, na maneno yake yatamgharimu nini. Jiji la Minneapolis, baada ya vibao vyote vile, Machi 2021 lilikubali kuilipa familia ya Floyd dola milioni 27. Pesa haifufui mtu, lakini siku ile maneno yalipata uzito ambao kibao hakiwezi kuubeba.

Tena kipimo hiki mnacho, msinifanye niwafundishe. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisimama Ikulu ya Nairobi akasema ukatili wa enzi ya ukoloni hauna udhuru, akataja huzuni na majuto makubwa. Hakuomba msamaha, hakutaja fidia. Kericho na Bomet zote ziliguna. Hakuna aliyesema labda moyoni ameumia kweli. Tuliuliza: ardhi je? Walioporwa mashamba yakawa ya chai je? Watu wa ukoo wetu wa Talai waliohamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 hadi Gwassi, kwenye mbung'o, nao je? Tulijua mara moja kwamba majuto yasiyolipa ni hotuba.

Mnajua pia habari za kampuni ya Unilever. Juni 2020 ilitangaza kuondoa neno la weupe kwenye krimu yake ya ngozi, Fair & Lovely, na ikasimamisha matangazo yake ya Marekani kwenye Facebook kwa sababu ya chuki iliyoenea mitandaoni. Dunia ikapiga makofi. Lakini Wakenya 218, wafanyakazi na wakazi wa shamba lake la chai la Kericho, walikuwa wametoka mahakama za Uingereza mikono mitupu. Walidai kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vikundi vilivamia shamba, vikaua, vikabaka na kupiga watu kwa sababu ya kabila zao, na kwamba kampuni haikuwalinda na hatari iliyokuwa ikionekana. Kampuni ilikana kuwajibika, ikasema ghasia za namna ile hazingetabirika. Mahakama Kuu mwaka 2017 na Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 zilikataa kesi dhidi ya kampuni mama iendelee.

Tunapenda kuisimulia habari hii kwa hasira, na hasira ni haki. Ila tunaruka sehemu moja. Vile vikundi havikupanda ndege kutoka London. Vilitoka vijijini, vikarudi vijijini, vikanywa maziwa ya mursik, vikalala. Kuna wanaume leo wanaongoza sala kanisani ambao usiku ule walinunua petroli, na kuna wauzaji waliowapimia.

Hapo ndipo midomo yetu huwa mizito. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu vifo 1,133 nchini, na sisi tukaamua kwamba walioua ni wa kwingine. Tunalia kuhusu Gwassi mbele ya wageni, kisha binti akisema ameposwa na kijana wa Talai, shangazi wanavutana pembeni kunong'ona. Tunaimba amani kanisani, kisha uchaguzi ukikaribia tunamuuliza fundi wa viatu wa kabila jingine, kwa utani tu, kama ameshapata lori.

Mtasema kuna serikali. Ipo. Tangu 2008 kuna sheria na kuna Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo mwaka 2022 iliorodhesha maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo. Januari ya mwaka huo Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alikamatwa kwa kulitamka jukwaani Eldoret, akaomba radhi. Kufikia Oktoba alikuwa waziri wa kilimo. Ukisubiri Nairobi ikusafishie mdomo, utasubiri.

Kwa hiyo nina pendekezo moja tu, nalo sitaliacha hata mkizima simu.

Wazee wetu wa mpakani walikuwa na kanuni ya ng'ombe walioibwa. Nyayo zilifuatwa, na pale zilipoishia, kijiji hicho kililipa au kilionyesha zilikoendelea. Hakuna aliyeuliza kama kijiji kilihuzunika kuhusu wizi. Ama unalipa, ama unaonyesha nyayo. Nataka kanuni hiyo hiyo iwekwe kwa nyumba za watu, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Kila kokwet ya Merigi, yaani kila kijiji, iketi, mzee wa kokwet aongoze, daftari lifunguliwe. Ndani yake waandikwe wadhamini, yaani wenyeji wanaokubali kwamba jirani yeyote wa kabila jingine akichomewa nyumba, akivunjiwa duka au akifukuzwa, kokwet itamjengea na kumrudishia mali yake. Nasisitiza: waandikwe wadhamini peke yao. Orodha ya wageni msiiandike kamwe, hata kwa nia njema, maana karatasi ya namna hiyo ikiangukia mikono mibaya itakuwa ramani ya mauaji.

Mdhamini atoe kitu kabla ya hatari. Mwenye majani chai akatwe shilingi moja kwa kilo kwa mwezi mmoja wa mwaka, au kipande cha bonasi inapotoka Oktoba. Mwenye ng'ombe atoe maziwa ya siku chache. Asiye na kitu aandike siku za kazi: kubeba mawe, kupigilia mabati. Pesa zikae kwenye sacco, na kati ya wanaotia sahihi ya kuzitoa awepo angalau mmoja miongoni mwa hao tunaowaita wageni. Msiniulize kwa nini. Mnajua jinsi pesa za kamati zinavyotembea zikisimamiwa na watu wa ukoo mmoja. Uchaguzi ukipita salama, nusu ilipie karo watoto wenye shida wa kokwet, bila kuuliza jina la pili la mtoto.

Na kipaza sauti kifuate daftari. Kwenye mazishi, harambee au mkutano wa chifu, asiyeandika jina lake asihubiri undugu. Awe mheshimiwa, awe mchungaji, awe mimi nimerudi likizo na viatu vipya. Kamati ya mazishi imuulize kwa heshima: mheshimiwa, umetia sahihi? Akiwa ametia, aseme, tena aanze na Kipsigis, mbele yetu sisi wenye kicheko. Kiswahili cha kamera kitafuata.

Nimewapigia baadhi yenu simu kuhusu jambo hili, na majibu nimeyasikia. Wa kwanza aliniambia hii ni adhabu ya jumla, ile ile ya mkoloni aliyekuja kunyang'anya ng'ombe wa kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja. Hapana. Mkoloni alikujia usiku bila kukuuliza. Hapa unaketi mchana na majirani, unakubali mwenyewe, na kiasi unakijua. Asiyetaka asitie sahihi, hatapigwa wala kutozwa. Atabaki tu na heshima yake ya kunyamaza jukwaani.

Wa pili alisema: mimi sikuchoma nyumba ya mtu, nilipie nini? Huyu ndiye namtaka hasa. Wewe hukuchoma, lakini ulijua. Ulisikia pikipiki, ulijua mkutano ulikuwa boma la nani, ulimwona mpwa wako akirudi na redio isiyo yake. Ulinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa bure. Weka bonasi yako mezani, uone utakavyoamka usiku kumzuia mpwa huyo mlangoni. Sihitaji uwapende Wakisii ili hili lifanye kazi. Ukiwapenda, vizuri zaidi.

Wa tatu aliuliza kama wenzetu wa upande wa pili watafanya hivyo kwa Wakipsigis wanaoishi kwao. Wafanye, na ninawaombea wafanye. Chebilat iko pale pale mpakani kati yetu na wao, waalikeni, wekeni madaftari mawili juu ya meza moja. Lakini tukingoja waanze wao, nao wakitungoja sisi, mnakumbuka 2008 tulikutana wapi.

Sasa lile ambalo hamkulisema, kwa adabu tu: huyu anayeamuru yuko mbali, moshi hautamfikia. Ni kweli. Mimi huota nikichuma chai, nikiamka ninavaa buti za theluji. Baba alipofariki sikuweza kuja. Nyinyi mlimzika kwa mikono, mimi nilimzika kwa simu iliyokatikakatika. Usiku ule waliojaza sebule yangu walikuwa Wakisii, maana hapa Minnesota wamejaa, na ndio majirani zangu. Walipika, wakachanga, wakaimba nyimbo za kwao hadi alfajiri, na dada mmoja akanishikia zamu ya kazi bila kunidai. Hakuna aliyepiga picha. Mmoja wao alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai Kericho. Hakuniambia kwa nini familia yake iliondoka, nami nilikuwa nimeshajua, kwa hiyo sikuuliza. Ninawatumia pesa kila mwisho wa mwezi, na kuna mambo pesa hizo haziyafikii.

Kwa hiyo sitawaamuru bila kulipa. Kile kipande cha chai ambacho baba aliniandikia, ingawa ni binti na wengine wenu mkanung'unika, bonasi yake yote ya mwaka huu na ya mwaka ujao iingie kwenye daftari. Kaka yangu ndiye anayeipokea, na ninajua atasaga meno. Asage. Ameshaambiwa.

Mzee wa kokwet, nakuomba kwa heshima uitishe kikao kabla bonasi haijatoka, maana ikishatoka hakuna atakayekuja. Yule mama wa kwenye video atafutwe, akae mbele na awe mweka hazina. Na mheshimiwa akija na hema lake, mpeni kalamu kwanza.

Binti yenu,
Minnesota