Dina, Maria na Binti Anayetembea



Wapendwa waamini, juma hili nina deni la kulipa, na deni lenyewe nililikopa mwenyewe nikiwa nimesimama mimbarini. Baadhi yenu mtaikumbuka Dominika ile nilipohubiri juu ya Dina, binti wa Yakobo na Lea. Somo la Misa siku hiyo halikuwa hilo. Nililivuta mimi kutoka sura ya 34 ya kitabu cha Mwanzo, kwa sababu katika juma lililotangulia nilikuwa nimewapokea wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakilalamika kwamba binti zao hawakai nyumbani. Nikasema kuwa Dina alitoka kwenda kuwatembelea wasichana wa nchi ile, na kutoka kwake huko ndiko kulikoleta msiba juu ya nyumba ya baba yake. Nilihubiri kwa nguvu. Akina baba waliitikia kwa vichwa, na mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Padre, leo umetusaidia."

Miezi kama kumi baadaye alinijia ofisini binti mmoja mwanakwaya. Nasema ofisini, wala si katika kitubio. Na haya ninayoyaandika wameniruhusu kuyaandika, yeye pamoja na baba yake mdogo anayemlea, mradi nisiwataje. Binti huyo ana miaka 23. Anauza duka la vifaa vya shule hapa Dodoma mjini siku sita za juma, na siku ya saba ni yake.

Kabla ya mahubiri yangu, siku hiyo ya saba ilikuwa na mzunguko wake. Baada ya Misa ya kwanza alipita Makole kumjulia hali binamu aliyejifungua, amebeba khanga na sabuni ya mtoto. Dominika nyingine alialikwa Nkuhungu kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi. Nyingine wanakwaya walichanga wakaenda kukaa Nyerere Square, wakala chipsi, wakapigana picha, wakacheka mpaka jua likazama. Na Dominika moja ya kila mwezi alipanda basi la alfajiri kwenda Kongwa kwa bibi mzaa baba, akasali Misa huko huko, amebeba sukari, majani ya chai na, msimu ukiwapo, kilo moja ya zabibu. Jioni alirudi na karanga. (Ni Kongwa ile ile ambako Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha miaka michache baadaye kwa hasara kubwa. Karanga za bibi zinaota bila mradi.)

Kila alikokwenda alipeleka habari na kuondoka na habari: nani amejifungua na mtoto kaitwa nani, mahari ya nani imepokelewa, ng'ombe wa nani wamekufa kwa ukame, nani na nani hawasemezani tangu msiba ule na sasa wanatafuta mtu wa kuwapatanisha. Usiku shangazi zake walioko Chamwino, Bahi na Dar es Salaam walimpigia simu kumwuliza. Ukoo mzima ulimtegemea, na hapana aliyejua kwamba unamtegemea.

Jioni ya Dominika ile ya Dina, baba mdogo alimwita sebuleni. "Umemsikia Paroko kwa masikio yako mwenyewe. Kuanzia leo ukitoka kanisani unarudi nyumbani." Hakumpiga wala kumtukana, naye binti akatii. Kwa bibi akawa anapiga simu.

Bibi huyo alikuwa na vikope, ugonjwa ambao vitabu vinauita trakoma, na ambao wazee wa nyanda hizi kavu za kati wanaufahamu vizuri. Watafiti wa macho wamekuwa wakifika Kongwa kwa ajili yake tangu miaka ya 1980. Huenezwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa inzi wanaotua machoni mwa watoto, na huwaumiza zaidi wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto. Maambukizi yakirudiarudia kwa miaka mingi, upande wa ndani wa kigubiko cha jicho hupata makovu na kujikunja, kope zikageukia ndani, na kila mtu anapopepesa macho zinakwaruza kioo cha jicho. Kila mwezi binti alimketisha bibi yake uani akamng'oa kope hizo kwa kikoleo kidogo. Alikuwa amekwisha kumshawishi akubali upasuaji wa kope, ambao ni mdogo, huchukua muda mfupi, na hufanyika hata nje ya hospitali kubwa. Bibi alikuwa ameahidi: baada ya mavuno.

Mavuno yalipita bila mjukuu. Alipofika hatimaye, kwa sababu ya msiba wa jirani, jicho la kushoto la bibi lilikuwa jeupe. Huko walikompeleka waliambiwa kwamba jicho la kulia lingali na nafasi, lakini kovu lililokwisha kukifunika kioo cha jicho la kushoto haliondolewi kwa kunyoosha kope.

Nilimwuliza binti, "Katika simu hakukuambia?"

Akanijibu, "Baba, alisema hajambo."

Ndugu zangu, jibu hilo sijaweza kuliweka chini. Tafakarini namna sisi tunavyosalimiana. Mtu akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama umetoka kuzika. Akikuuliza hujambo unajibu sijambo, hata kama homa imekushika. Huo si uongo. Ni adabu, ni namna yetu ya kumfungulia mgeni mlango kabla ya kumtwika mzigo. Baada ya hapo mgeni hukaribishwa kiti, hupewa maji, huulizwa ya huko atokako, ugali na mlenda huletwa, na pengine jua likiwa linaelekea kuzama ndipo mwenyeji husema lile neno lenye habari yenyewe: "Ila." Hatujambo, ila baba yako halali usiku. Nzuri, ila mtoto wa dada yako ameacha shule. Neno hilo halitoki kwa haraka, wala halitoki kwa yeyote. Linamsubiri mtu aliyekaa. Simu ya bibi haifiki huko. Salio linakwisha wakati salamu bado zinaendelea, au mtandao unakatika, au jirani mwenye kuishika simu anataka kwenda zake.

Siku hizi koo nyingi zina kundi la WhatsApp. Silipingi. Nimeona mchango wa matibabu ukitimia kwa siku moja, jambo ambalo zamani lingehitaji kikao na barua. Lakini katika kundi hilo mgonjwa huwa habari pale tu anapokuwa amelazwa, na mzee huwa habari pale anapokuwa amefariki. Yale ya kati, yaani jicho linalowasha, mume aliyeanza kunywa, mjamzito aliyevimba miguu, hayaandikwi na mtu. Huonwa na yule aliyepita Dominika alasiri bila sababu kubwa. Na katika nyumba nyingi ninazozijua yule anayepita bila sababu kubwa ni binti ambaye hajaolewa, au ameolewa jana.

Sasa nirudi kwa Dina, maana ndiye niliyemkosea kwanza. Nimeisoma upya sura ile, taratibu, kama tulivyofundishwa seminari na kama ambavyo sikufanya siku ile. Mwandishi mtakatifu anasema Dina alitoka kuwaona binti wa nchi. Kisha anasema Shekemu mwana wa Hamori alimkamata na kumtenda jeuri. Kosa ni la Shekemu, na andiko halimlaumu Dina hata kwa neno moja. Tena katika sura yote hiyo Dina mwenyewe hasemi kitu. Baba yake ananyamaza, kaka zake wanapanga hila na kumwaga damu ya mji mzima, na hapana anayemwuliza yeye habari. Lawama dhidi yake tumeiongeza sisi wahubiri, baadaye. Hata Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alimfanya Dina kuwa mfano wa udadisi unaoponza. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza. Lakini kumfuata mtakatifu katika jambo alilolikosea hakunifanyi kuwa na haki.

Na kwa nini, kati ya mabinti wawili wa Maandiko waliotoka kutembelea, nilimchagua Dina nikamwacha Maria? Kila tarehe 31 Mei tunaadhimisha Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti (wenye umri watakumbuka kuwa kabla ya kalenda mpya ya mwaka 1969 iliadhimishwa tarehe 2 Julai). Tumeizoea mno katika rozari hata hatuoni ilivyo. Msichana amepata habari ya ukoo, kwamba jamaa yake aliye mzee ana mimba ya miezi sita. Anaondoka kwa haraka kwenda nchi ya milima. Kutoka Nazareti hadi milima ya Yudea ni zaidi ya kilomita 100, mbali kuliko kutoka Dodoma hadi Kongwa, bila basi wala lami. Luka hasemi nani alimpa ruhusa, wala nani alimsindikiza. Anatuambia alivyoingia, alivyosalimu, na jinsi mtoto alivyoruka tumboni kwa sauti ya salamu hiyo. Alikaa huko kama miezi mitatu. Mzee wa nyumba, Zakaria, alikuwa bubu wakati huo; mazungumzo yote ni ya wanawake wawili wenye habari za kupeana. Hayati Papa Fransisko aliwapa vijana waliokutana Lisbon mwezi Agosti 2023 kauli mbiu iliyotoka katika mstari huo huo wa kuondoka kwa haraka. Sisi huku tulikuwa tunafunga malango.

Najua mtakalosema, maana baba mdogo aliniambia hilo hilo, na alikuwa na haki ya kuniambia. Mji huu si ule wa utoto wetu. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, watu wamefurika, nyumba za starehe zimeota hadi pembezoni, na bodaboda wa usiku humjui ni nani. "Padre," alisema, "ikitokea akapata mimba, ni mimi nitakayeulizwa na kaka yangu." Hofu hiyo ni ya upendo, na siwezi kuicheka. Ninachouliza ni kwa nini hofu yetu humfungia yule anayeweza kudhuriwa na kumwacha huru yule anayedhuru. Katika miaka yangu yote ya upadre sijawahi kuletewa mzazi aliyemkataza mwanawe wa kiume kutoka Dominika. Kwa mvulana tunasema tembea uone. Kwa dada yake tunasema mtembezi hula miguu yake. Na vijana hao tuliowaruhusu kutembea, wangapi wamepita kwa bibi?

Kuna ulinzi mwingine usio wa kufuli. Binti aseme anakokwenda na mwenyeji wake ajue anakuja. Apewe nauli kamili, ili asilazimike kukubali kupandishwa gari la mtu. Saa ya kurudi ipangwe kwa kukubaliana. Na akichelewa, apigiwe simu na mtu asiyeanza kwa matusi, ili siku akiwa hatarini kweli asiogope kupokea. Nauli naitilia mkazo. Tunawatuma mabinti hawa kila kona ya ukoo, wakapike msibani, wakakeshe na mgonjwa, wakabebe mtoto wa dada, na mara nyingi nauli wanaitoa katika mshahara wao mdogo. Wakitoka kwa kutumwa tunawaita wachapakazi. Wakitoka kwa hiari yao, njia ile ile, kwa jamaa wale wale, tunawaita wazururaji.

Wala sitaki mniambie kwamba basi atembee, ila kwa mambo ya ukoo tu. Chipsi za Nyerere Square nazo zina haki yake. Tangu treni ya mwendokasi ifike Dodoma mwaka 2024 nimesikia wanakwaya wakipanga kwenda Dar es Salaam kuiona bahari na kurudi kesho yake, na paroko mmoja (simtaji, lakini mnamjua) alianza kutafuta sababu ya kuwazuia, akaikosa. Mtu aliyesimama nyuma ya kaunta siku sita anastahili kucheka na wenzake siku ya saba. Bwana wetu mwenyewe alialikwa harusini Kana, akaenda, na divai aliyoongeza hapo haikuwa ya mgonjwa yeyote.

Mwezi uliopita tulikwenda Kongwa watu watatu: binti, baba mdogo na mimi. Bibi alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa kope za jicho la kulia, na linaona. Nilimwomba radhi kwa mahubiri yangu. Alicheka, akasema yeye Dina hamjui, lakini mjukuu wake anamjua, na sukari ilikuwa imekwisha. Baba mdogo alikaa mbali kidogo, chini ya mti, akimenya karanga bila kula. Mwaka mzima alikuwa hajafika hapo.

Bibi akamvuta mjukuu karibu, upande wa jicho linaloona.

"Habari za mjini?"

"Nzuri, bibi."

Akamsogezea kigoda, akasubiri.