Elimu ya Nyumbani: Yaliyofichika Katika Maji Maangavu

Katika sayansi ya shule za msingi mna somo moja dogo ambalo wazazi wengi hulipuuza, wakidhani ni mchezo wa watoto tu. Ni somo la michanganyiko na mimumunyo. Yafaa tulitazame, kwa maana afya ya watoto wetu yaweza kulitegemea.

Twaa bilauri mbili za maji. Katika ya kwanza tia kijiko cha udongo, na katika ya pili kijiko cha chumvi, kisha koroga. Udongo utaanza kutua chini, na ukiyapitisha maji yale katika kitambaa kilichokunjwa, sehemu yake kubwa itabaki kitambaani. Huo ni mchanganyiko ambao vitu vyake havikuungana sana, nasi twaweza kuvitenga kwa urahisi. Lakini chumvi haionekani tena. Uiache hata kesho, haitui. Uipitishe kitambaani, itapita pamoja na maji. Je, imepotea? La! Yaonje maji, utaikuta. Imegawanyika kuwa chembe ndogo mno, zikaenea kila mahali. Huo ndio mmumunyo.

Ukitaka kuirudisha chumvi ile, mimina maji katika sahani uyaanike juani. Maji yatakwenda hewani kuwa mvuke, na chumvi itabaki. Ndivyo chumvi ya bahari ipatikanavyo katika pwani iliyo kaskazini ya Malindi, na ndivyo jua kali liachavyo magadi katika Ziwa Magadi.

Sasa twende kisimani. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama pande za Nakuru na Naivasha, maji ya ardhini hupita katika miamba iliyotokana na volkano, na humo huyeyusha madini yaitwayo floridi. Floridi kidogo husaidia meno; ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto anywaye maji yaliyozidi sana kipimo hicho wakati meno yake yangali yakijengeka chini ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Na mtu akiyanywa kwa miaka mingi, mifupa yake yaweza kudhurika, na viungo vikakakamaa.

Hapo ndipo somo la bilauri lifaapo. Mama mwangalifu huchuja maji na kuyachemsha, naye afanya vema, kwa kuwa kitambaa huzuia taka na moto huua vijidudu vya maradhi. Lakini floridi imeyeyuka kama ile chumvi. Kitambaa hakiizuii, wala moto hauiui, maana haina uhai. Zaidi ya hayo, maji yakichemka sana hupungua kwa mvuke, na floridi hubaki yote katika maji machache, ikawa nzito kuliko kwanza. Tena haina rangi wala harufu ya kuionya familia.

Basi tufanyeje? Kwanza, maji ya kisima yapelekwe yakapimwe, kwa kuwa macho na ulimi havitoshi. Pili, tukinge maji ya mvua kwa mabati na mifereji safi, tuyaweke katika tangi lenye kifuniko, na kuyatumia kwa kunywa na kupikia hasa kwa watoto wadogo. Maji ya mvua hayakupita miambani, kwa hiyo floridi yake ni kidogo sana. Ila yachemshwe kwa sababu ya vijidudu. Tatu, iko michujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo huishika floridi. Lakini mkaa huo huchoka, na lazima ubadilishwe kwa wakati wake.

Mzazi, mwanao akirudi nyumbani na kuomba bilauri mbili, udongo na chumvi, usimfukuze. Kaa naye mtazame pamoja, kisha mwulize: maji tunywayo sisi yana nini ndani yake?