Ngara na Biharamulo: tunataka mbio, hatutaki misiba

Ukikaa Nyakanazi jioni utawaona: vijana na bodaboda zao wanashindana kuyapita malori yanayokwenda Rusumo. Mshkaji wangu alivunjika mguu hivyo hivyo. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na bosi bado anamdai hesabu.

Watu wanasema mbio za magari ni mchezo wa matajiri. Kwa gari la rali, kweli kabisa. Lakini icheki Safari Rally, iliyoanza 1953 na kupita mpaka kwetu Tanganyika. Magari hayaachiwi kwa kundi, yanaondoka moja moja. Anayetumia muda mfupi ndiye mshindi.

Sasa hilo linahitaji nini? Uwanja wa vumbi, ndoo za kuzungukia, helmeti, saa ya simu na pikipiki ile ile. Mmoja anakimbia, wengine wanasubiri zamu pembeni. Mafuta tunachangishana.

Kinachokosekana ni kibali cha uwanja na mtu wa huduma ya kwanza. Halmashauri zetu mbili zitupe hata Jumapili moja kwa mwezi. Wakisema ni hatari, tuwaulize: kule barabarani je?

Nawakilisha.