Kila Ofisi Ina Grupu la Pili Ambalo Bosi Hayumo

Wadau, leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Leo nina jambo limenikaa kooni muda mrefu, na kama umeajiriwa hapa mjini nadhani na wewe limekukaa.

Kuna bosi mmoja hapa Dar. Jina sitaji, na nyie mnaopenda kubahatisha pumzikeni, maana mkianza kutaja mtataja kumi na wote watafanana. Huyu bosi kila Jumatatu asubuhi lazima atupie picha Instagram. Suti imekaa, saa inang'aa, mkono mmoja mfukoni. Chini ya picha kuna maneno ya uongozi, kwamba kiongozi wa kweli huwatanguliza watu wake. Laiki kama zote. Watu wanamwaga sifa: bosi kama wewe ni baraka, natamani ningefanya kazi kwako, Mungu akutunze kaka.

Sasa nikwambie kilichokuwa nyuma ya picha mojawapo. Ilikuwa tarehe 12 na mshahara wa mwezi uliopita haujaingia. Dogo aliyeipiga alitembea kwa mguu kutoka Mwenge mpaka Mikocheni, nauli imemwishia. Na yale maneno matamu ya chini niliyaandika mimi. Ndiyo, mimi. Ndo ilikuwa kazi yangu. Niliandika "huwatanguliza watu wake" huku nadaiwa na mama ntilie wa nje ya ofisi chakula cha wiki mbili.

Kwa hiyo ninachosema leo sijasimuliwa. Nilikuwa jikoni.

Nianze na kitu ambacho kila mfanyakazi anakijua ila bosi hakijui. Kila ofisi ina magrupu mawili ya WhatsApp. La kwanza ni la kazi, bosi ndo admini, humo tunajibu "sawa bosi" na "imepokelewa bosi". La pili bosi hayumo. Humo ndo ofisi yenyewe ilipo. Humo ndo utajua nani anaheshimiwa na nani anaogopwa tu, kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Anayeogopwa akiingia, kicheko kinakatika. Anayeheshimiwa akiingia, watu wanamsogezea kiti, stori inaendelea.

Tatizo la mabosi wengi wa siku hizi ni kwamba wanausoma uongozi wao kwenye grupu la kwanza. Wanaona "sawa bosi" kumi na tano wanajua wana ushawishi. Ndugu yangu, hizo "sawa" unazilipia. Na siku hizi hata kulipia unachelewa.

Tuongee la mshahara basi, maana watu wanaona aibu kulitaja. Sio kila bosi anayechelewesha ni mwizi. Biashara ina misukosuko, mteja anakaa na ankara miezi mitatu, TRA inagonga mlango, kodi ya ofisi inasubiri. Hayo tunayaelewa, sisi sio watoto. Kinachoua imani ni tarehe ya uongo. "Ijumaa mtapata." Ijumaa ikifika, "Jumatatu benki ikifungua." Jumatatu simu haipokelewi, ila huko mtandaoni picha mpya ipo, yuko ufukweni anakunywa dafu.

Yule dogo wa kamera alikuwa anaishi Sinza, chumba kimoja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu. Dogo, kwa kumwamini bosi, akamwambia mama mwenye nyumba, "Ijumaa nakupa." Ijumaa ikapita. Akasema Jumatatu. Ikapita. Mama wa watu mara ya tatu akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mwongo," akamtolea vitu nje. Mfikirie huyo dogo. Hakuwa mwongo. Alikuwa ameubeba uongo wa mtu mwingine mpaka nyumbani kwake. Bosi anapotaja tarehe anayojua haipo, wanaodanganywa sio wafanyakazi tu. Anamdanganya mwenye nyumba, mwenye duka, mwalimu wa mtoto, mama kijijini anayesubiri dawa. Heshima yake ikishuka sawa, ameitaka mwenyewe. Lakini anashusha na ya wenzake.

Wahenga walimaliza: ahadi ni deni. Hawakusema ahadi ni maneno ya kutuliza watu.

Halafu kuna hili la "hapa sisi ni familia". Jamani, hili neno lipigwe marufuku maofisini. Tukitakiwa kufanya kazi Jumapili, sisi ni familia. Tukikesha bila malipo, sisi ni familia. Ukiumwa siku mbili, ghafla umekuwa mwajiriwa, unakatwa. Familia gani hiyo? Mimi sihitaji baba mwingine, wangu yupo. Nahitaji mwajiri anayejua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo mengi wazi: saa 45 za kazi kwa wiki, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na ugonjwa una likizo yake. Hizo sio hisani. Bosi akikupa likizo yako afu anataka umpigie magoti, anakugawia cha kwako mwenyewe.

La tatu ni hili la kuumbua watu hadharani. Kosa umefanya saa nne asubuhi, bosi anasubiri saa tano usiku atume voisi ya dakika nne kwenye grupu, watu thelathini wanasikia ukiitwa mzembe. Afu ile kazi ikienda vizuri, wazo likampendeza mteja, kwenye kikao bosi anasema "nilifikiria". Ulifikiria wewe au alifikiria yule dada aliyekaa kona kule na laptopu ya kuazima? Ukichukua sifa ya mtu mara moja, utakuwa umeipata hiyo moja. Mawazo yaliyobaki hataleta tena. Anakuwa anakuja kukalia kiti tu, na wewe unashangaa kwa nini timu haina ubunifu.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia. "Vijana wa sasa wanadeka. Wanachelewa, wanashinda TikTok, ukiwasema kidogo wanasema wana msongo." Sawa, nakubali, tupo. Mimi mwenyewe kuna asubuhi nimeisingizia foleni ya Ubungo na nilikuwa nimelala. Na hakuna mtu anayeomba bosi laini. Tena bosi niliyemheshimu kuliko wote maishani alikuwa mkali kama pilipili.

Huyo alinisimamia kazi yangu ya kwanza. Ukichelewa mara ya pili, anakurudisha nyumbani na siku imeenda. Lakini alikuita pembeni, mkiwa wawili, akakwambia kosa ni hili, sahihisha hivi. Siku moja tulimpelekea mteja bango lenye jina la kampuni yake limekosewa herufi. Nilikosea mimi. Mteja alifoka mpaka mishipa ikamtoka. Msimamizi wetu akasimama, akasema, "Hiyo imepita mezani kwangu, kosa ni langu, kesho asubuhi utapata jipya." Basi. Hakunigeukia, hakunikonyeza. Usiku ule tulibaki wote bila kuambiwa, na yeye alibaki, akaagiza chipsi mayai kwa hela yake. Miaka imepita, ila akinipigia leo aseme ana kazi, nitamuuliza wapi na saa ngapi. Sitauliza bei kwanza. Huo ndo ushawishi, na hana hata akaunti ya Instagram.

Mwingine ni mama mmoja mwenye biashara ya kupika kwenye masherehe. Mwaka 2020 corona ilipoingia, shughuli zikakauka. Mama huyu aliwaita wapishi na wabeba sufuria wake, akafungua daftari la hesabu mbele yao. Akawaonyesha kilichobaki. Akasema mimi sichukui kitu, nyie mtapata nusu, na ikifika mwezi wa tatu hali ikiwa hivi nitawaambia mapema mtafute pengine. Watu walilia, lakini waliondoka wakijua wamesimama wapi. Shughuli ziliporudi, wengi wao walirudi kwake. Hakuwa na hela. Alikuwa na ukweli, na aliusema mapema.

Na sio kwamba haya ni mambo ya biashara ndogo tu. Wazee wanaikumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika kwamba wao wanaambiwa wajitolee huku wakubwa wanaishi vizuri. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza, na mpaka leo unaweza kubishana kama alifanya sawa. Lakini alitangaza pia kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wengine wakubwa nayo ikapunguzwa. Alianzia mfukoni kwake. Huyu ndo yule yule aliyeacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Kawawa, akaenda kuijenga TANU. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Rais. Cheo alikiweka chini, watu hawakumwacha. Sasa wewe bosi wa watu kumi na wanne, mwezi ambao umeshindwa kulipa, ulikata nini kwako? Gari ulibadilisha, hilo tuliliona, ulitupia mwenyewe.

Nimalizie na siku niliyojua pale pamekwisha. Bosi alipata nafasi ya mteja mkubwa, kazi ya kukabidhi baada ya siku mbili. Akatuma voisi kwenye grupu la kwanza, sauti ya upole kabisa: "Timu, nawahitaji, hii ikifanikiwa wote tunatoka." Tiki za bluu zikajaa. Hakuna aliyejibu. Dakika kumi, nusu saa, kimya. Kwenye grupu la pili, yule dogo wa kamera, ambaye wakati huo alikuwa analala kwa rafiki yake Mbagala, akaandika mstari mmoja tu: "Mwambieni awaite wale wanaompa laiki."

Tulicheka, ila baada ya kicheko kulikuwa na huzuni. Ile kazi ilikuwa nzuri na sisi tulikuwa tunaiweza. Ilipotea, na mishahara ambayo ingetoka humo ikapotea nayo. Ofisi isiyoaminiana haimuumizi bosi peke yake, inatuumiza wote. Ndo maana naandika kwa hasira hivi.

Kwa wenzangu mlioajiriwa: daini mkataba wa maandishi, tunzeni meseji za ahadi, na mjue kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi kionevu una siku 30 za kupeleka malalamiko, na kwa madai mengine kama mshahara ni siku 60. Msikae mnalalamika kwenye grupu la pili mpaka muda uishe. Na siku ukipewa wewe cheo, hata cha kusimamia watu wawili, kumbuka ulivyokuwa unaandika humo.

Kwa bosi unayesoma hapa kimya kimya: hatukuombi uwe malaika. Taja tarehe ya kweli, hata kama ni mbaya. Sema kosa pembeni, toa sifa mbele za watu. Mteja akifoka, simama mbele yetu. Hayo hayahitaji suti wala mpiga picha.

Na kabla hujaandaa posti ya Jumatatu, angalia kalenda. Leo tarehe ngapi, na watu wako umewalipa?